Aluminiamu nene ya kusubu (ya kumiminwa kwenye umbo) inanishinda kwa mashine ya ampea 200: kibano cha mashine ya boti

chombo_cha_pwani (Tanga)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina karakana ndogo huku Tanga. Kazi yangu kubwa ni mageti na madirisha, ila mwaka wa pili sasa nachomelea pia aluminiamu kwa TIG (moto unatoka kwenye ncha ya tungsteni, waya wa kujazia natia kwa mkono): masufuria ya shughuli, ngazi, matangi ya rejeta. Mashine yangu ni ya AC/DC (mkondo geu na mkondo mnyoofu), imeandikwa ampea 200, inakula umeme wa fezi moja wa kawaida. Bati la milimita 2 mpaka 4 halinisumbui kabisa.

Wiki iliyopita mvuvi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, kaniletea kibano cha mashine ya boti, ile ya nguvu za farasi 40. Kwa asiyekijua, ni kile kipande kinachoung'ata ubao wa tezi (nyuma ya boti) na kubeba mashine nzima. Kimepasuka kuanzia tundu la bolti kwenda chini, ufa wa sentimita 9. Unene kwenye tundu ni milimita 20, pembeni 12. Uzito kilo 6 hivi. Kibano kipya bei yake ni ya kumfanya auze nyavu.

Nilichofanya: nilifungua ufa kwa grenda, nikapitisha brashi ya waya, nikaweka ampea 190, nikaanza. Nimeshikilia moto mahali pamoja karibu dakika nzima, juu panang'aa tu. Baadaye palipoyeyuka, kidimbwi kikaja kizito kama uji uliolala, kina ngozi juu, waya ukiingia unaganda kama nta. Kutoka ndani kukawa kunachemka weusi. Dakika ya tatu taa ya njano ikawaka, mashine ikakata. Ikipoa mashine, kibano nacho kimeshapoa, naanza upya. Kutwa nzima hiyo.

Jioni mshono ulionekana umejaa. Asubuhi nimegonga kwa nyundo mara mbili, umefunguka kama ganda la karanga. Ndani waya umekaa juu juu, chini ufa uko vilevile, na vishimo vimejaa kama andazi.

Naomba ushauri wa kweli. Nitafute mashine kubwa ya fezi tatu (na hapa fezi tatu sina), au kuna namna ya kufanya na hii niliyonayo?

---

dereva_wa_grenda

Pole mkuu. Mimi hiyo hiyo ilinikuta kwenye kasha la gia la pikipiki. Jaribu vile vijiti vinavyoyeyuka kwa jiko la gesi, havitaki mashine kabisa. Nafuatilia uzi.

---

mwalimu_wa_karakana (Morogoro)

Mkuu chombo, mashine yako haina ubaya. Umeipa kazi mbili kwa wakati mmoja: kupasha kilo 6 za aluminiamu, na kuyeyusha mshono. Ya pili inaiweza. Ya kwanza haiwezi, wala haikutengenezwa kwa hiyo.

Tupige hesabu pamoja, kwa sababu ukiielewa hii hutahangaika tena. Kilo moja ya aluminiamu inataka kama kilojuli 0.9 ili ipande nyuzi moja. Kilo 6 kutoka nyuzi 30 mpaka 180: 6 mara 0.9 mara 150, unapata kilojuli 810. Sasa moto wako wa ampea 190 una volti kama 15 kwenye ncha, yaani wati 2,850, na kinachoingia kwenye chuma ni kama theluthi mbili, tuseme wati 1,900. Gawanya: sekunde 426, dakika 7 za moto usiokatika. Mashine nyingi za aina yako zina uwezo wa 25% kwenye ampea 200, maana yake katika kila dakika 10 unachoma 2 na nusu tu. Hizo dakika 7 zinageuka karibu nusu saa, na hapo nimehesabu kana kwamba hakuna joto linalopotea. Lakini aluminiamu inapitisha joto mara tatu mpaka tano ya chuma cha kawaida. Unapopumzika, joto lote ulilolinunua kwa tokeni linaenea kibano kizima na kuondoka na upepo.

Hizo kilojuli 810 zote, mkaa unazo kwenye gramu 30. Kipande kimoja kwenye kiganja. Hata jiko likipoteza sehemu kubwa kabisa, nusu kilo ya mkaa inatosha na kubaki.

Kwa hiyo: jiko pana la mkaa uliokolea, usio na moshi wala miali. Wavu juu, kibano juu ya wavu, kifunike kwa bati au karai ili joto lizunguke. Kigeuze kila baada ya dakika tano. Unataka nyuzi 150 mpaka 200 kote, si upande wa ufa peke yake, kwa sababu kikipashwa upande mmoja kitavutana na kupasuka mahali pengine. Kikifika, kitoe, kizungushie blanketi la sufi ya tanuri ukiache wazi mshono tu, na uchome hapo hapo. Ukiweza kukichoma kikiwa bado juu ya makaa, ni bora zaidi.

Kanuni ya vitabuni ni kama ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Kwa ampea 200 unaishia milimita 5 ya aluminiamu baridi. Ukiwa na nyuzi 180 mwilini mwa kibano, unafungua mfereji wa V, unajaza safu kwa safu, na kila safu haizidi huo unene wa milimita chache. Ndivyo mashine ndogo inavyomaliza milimita 20.

Na hivyo vijiti vya dereva_wa_grenda: vingi ni vya zinki na aluminiamu, vinayeyuka kabla ya nyuzi 400. Kuziba tundu la rejeta, sawa. Kubeba mashine ya boti baharini, hapana.

---

chombo_cha_pwani

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Hiyo hesabu ya gramu 30 imenikaa kichwani.

Swali: nitajuaje nimefika 180? Aluminiamu haigeuki rangi, naogopa kugeuza kisogo nikakuta kibano kimekaa kama ugali. Nina ile bunduki ya kupima joto, lakini jana nimeielekeza kwenye sufuria lenye maji yanayochemka ikaniambia 41.

---

mwalimu_wa_karakana

Bunduki ni nzima. Inapima mng'ao wa joto unaotoka juu ya kitu, na aluminiamu inayong'aa inatoa kidogo mno, kwa hiyo inakudanganya kwenda chini, na hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu utazidi kupasha. Washa kibatari, ufukize sehemu ndogo ya kibano mpaka iwe nyeusi tititi, mbali na mshono. Pima hapo penye masizi. Utapata namba ya kweli au karibu yake. Kama una ile mita ya mkononi ya mafundi umeme (multimeter) yenye waya wa kupima joto, ibane ncha ya waya kwa bolti kwenye tundu, hiyo ndiyo ya kuamini.

Na usipokuwa na chochote: tone la maji. Kwenye nyuzi 120 linachemka na kukauka palepale. Likianza kukimbia kama ushanga bila kutulia, umefika jirani na 200, ondoa kwenye moto.

Umesema kweli kuhusu rangi. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye 660. Hii ya kusubu yenye silikoni inaanza kulainika kwenye 577 au hata chini yake kidogo, na mpaka hapo bado ni nyeupe ileile. Wafanyakazi wenzako wavae glavu hata kama kipande kinaonekana kimelala baridi.

---

jk_likoni (Mombasa)

Ndugu yangu wa Tanga, salamu kutoka ng'ambo ya feri. Mwalimu amesema ya joto na amesema vizuri, lakini joto peke yake halitakutoa kwenye vile vishimo. Mimi nimekaa na mashine za boti zaidi ya kazi yoyote nyingine, na kibano cha bahari ni kitu cha peke yake. Kimekunywa chumvi miaka. Kimekunywa mafuta na grisi kupitia ufa. Halafu kimefanya ile kutu nyeupe kama unga. Hiyo kutu imeshika maji ndani yake, na maji kwenye moto yanakupa haidrojeni. Aluminiamu ikiwa maji maji inaimeza haidrojeni kwa wingi, ikiganda inaitema. Isipopata pa kutokea ndiyo vile vishimo vya andazi.

Nakueleza ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, usiruke.

Kwanza nakiloweka kibano kwenye maji baridi, si ya kisima cha chumvi, siku nzima, nabadilisha maji mara tatu. Kisha maji ya moto na sabuni. Baada ya hapo natafuta mwisho wa ufa, kwa sababu jicho linakudanganya. Napaka mafuta ya taa, nasubiri kama robo saa, nafuta pakauke kabisa, nasugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mara nyingi ufa unakwenda sentimita moja au mbili mbele ya pale ulipodhani unaishia. Hapo mwisho natoboa tundu la milimita 4 ili usiendelee.

Kufungua mfereji, acha jiwe la grenda. Jiwe linaziba matundu ya aluminiamu kwa vumbi lake na kuyapaka mafuta lililoyakuta. Tumia kichwa cha kabaidi chenye meno makubwa, au patasi, au hata msumeno. Fungua V ya nyuzi 70 mpaka 90, pande zote mbili kama unapafikia, mpaka uone chuma cheupe kisicho na mstari mweusi.

Sasa hapa ndipo wengi wanakimbia: napasha mara ya kwanza bila kuchoma. Nakipeleka nyuzi 200, nakiacha kama nusu saa. Utaona kinatoa jasho la kahawia, mafuta yaliyokuwa ndani. Nakiacha kipoe, nafuta kwa asetoni, napiga brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Brashi yako ya mageti itapandikiza kutu humo. Brashi baada ya asetoni, si kabla, la sivyo unayasugua mafuta yaingie ndani. Ndipo napasha mara ya pili kwa ajili ya kuchoma.

Pia usitumie dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Zile zenye klorini zikipata mwanga wa moto wa kuchomelea zinageuka gesi ya sumu inayoua mapafu. Na rangi ya chini ya njano-kijani kwenye aluminiamu za baharini huweza kuwa na kromati, kemikali ya sumu; ikwangue ikiwa imelowa, uvae barakoa, usiichome.

---

Mswahili_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Unguja, nipo karakana ya maboti huku Oman. Naongezea upande wa mashine tu, mengine wazee wameshayamaliza.

Huku tukipata kipande kinene na mashine ndogo tunachanganya agoni na heliamu, gesi za kukinga mshono na hewa. Heliamu inapandisha volti za moto, kwa hiyo ampea zile zile zinakupa joto zaidi. Lakini bei yake ni kubwa, na kwa kazi moja ya kibano usihangaike nayo. Agoni safi, lita 12 kwa dakika, kikombe (kile cha mdomo wa tochi) namba 8, na uzibe upepo wa bahari, inatosha.

Weka AC. Kwa DC hasi (tungsteni ikiwa upande hasi) ukiwa na agoni hutaivunja ile ngozi ya oksaidi, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000, ilhali chuma chini yake kimekwisha kuwa maji. Ule uji wenye ngozi uliouona kwenye kidimbwi ndio huo.

Kitufe cha kusawazisha AC kisome vizuri. Mashine nyingine inaandika asilimia ya kusafisha, nyingine inaandika asilimia ya upande hasi. Unachotaka ni upande hasi uwe 70 mpaka 75, kwa sababu upande hasi ndio unaopeleka joto kwenye kazi na kuinusuru tungsteni. Kama mashine yako inahesabu kusafisha, basi ni 25 mpaka 30. Ukikosea hapo unajikata joto mwenyewe na tungsteni inavimba kama kiberiti. Masafa ya AC yateremshe, 60 mpaka 80, moto unatanuka na kukaa. Tungsteni ya milimita 3.2, yenye lanthanamu, ile ya rangi ya dhahabu au ya buluu.

Waya wa kujazia, namba ni aina ya mchanganyiko wake: 4043 wenye silikoni 5%, au 4047 wenye 12%. Hiyo ya pili inatiririka zaidi na inayeyuka mapema. 5356 iweke kando. Ina magneziamu 5%, na ikikutana na silikoni nyingi ya kibano mshono unakuwa mkavu na rahisi kupasuka. Na msinyofoe waya wa umeme wa aluminiamu mkaufanya wa kujazia. Ni laini mno, hauna silikoni.

Anzia kwenye lile tundu la mwisho wa ufa, uje nje ukingoni. Pale ukingoni weka kipande cha aluminiamu cha ziada, umalizie juu yake, ukikate baadaye. Na usinyanyue mkono ghafla, shusha ampea polepole ukiendelea kutia waya, maana shimo la mwisho likiachwa tupu linapasuka kwa umbo la nyota.

---

dereva_wa_grenda

Vipi kuhusu kuyeyusha pistoni kuukuu na kumimina vijiti vyetu wenyewe? Kuna mzee gereji ya kwetu anafanya hivyo na zinashika.

---

Mswahili_Muscat

Zinashika, kwa sababu pistoni ina silikoni nyingi. Lakini ina shaba pia, na shaba ndani ya maji ya chumvi inaila aluminiamu jirani yake. Kwa kasha la gia la pikipiki ya bara sina neno. Kwa boti, nunua 4043.

---

binti_karakana (Dar es Salaam)

Samahanini wakubwa, nina neno ambalo halijasemwa.

Hiki kitu kinabeba mashine ya zaidi ya kilo 70 kwenye tezi ya boti, kikisukumwa na mawimbi usiku na mchana. Kikikatika nje ya miamba, wale watu hawana mashine tena. Tumeongea ukurasa mzima jinsi ya kukichoma, hakuna aliyeuliza kama kichomwe.

Kibano kikiwa kimepikwa kiwandani kwa joto ili kiwe kigumu, kuchomelea kunaondoa ule ugumu pembeni mwa mshono, hata mshono ukiwa safi kiasi gani. Aina ya A356 kwa mfano, aluminiamu ya kusubu yenye silikoni, inakomazwa kwenye nyuzi 155 hivi kwa saa 3 mpaka 5. Mkiiweka kwenye 200 saa nzima jikoni, halafu mkaichoma, mmeshaivuruga. Vitabu vya aluminiamu iliyopikwa vinataka isizidi nyuzi 120. Ninyi mnasema 200 kwa sababu mashine ni ndogo, sawa, lakini mjue mnalipa kwa nini.

Na kabla ya yote, mna hakika ni aluminiamu? Nimeshaona mtu anawasha moto kwenye kasha la magneziamu. Kwangua unga kidogo, utie siki. Ukitoa mapovu mengi, ni magneziamu: weka chini vifaa, na usithubutu kumwagia maji ukiwaka.

---

mwalimu_wa_karakana

Binti, umesema kweli na nilipaswa kuanza nalo. Kupasha kwa muda mfupi ni bora kuliko mrefu. Nilisema 150 mpaka 200. Kwa kibano hiki ningeshuka: 150, na kisikae jikoni zaidi ya inavyohitajika. Ile nusu saa ya jk ya kutoa mafuta pia ifanywe kwa 120, inatosha kuondoa maji.

Kuhusu kama kichomwe: ufa uko wapi hasa? Kama unapita pale kinapoegemea mhimili wa kugeuzia, nisingechoma. Kama ni kwenye sikio la bolti za tezi, kuna nafasi, kwa sababu hapo unaweza kuongeza nyama nje ya umbo la mwanzo. Milimita 5 za ziada kila upande zinafidia sehemu kubwa ya ugumu uliopotea.

---

chombo_cha_pwani

Ni kwenye sikio la bolti, mwalimu. Mhimili ni mzima, nimeukagua kwa mafuta ya taa na chaki kama alivyosema jk. Siki haijatoa povu.

Binti, asante. Nimekwenda kwa mzee nikamweleza yote, na kwamba hata kikitoka vizuri hakitakuwa kama kipya. Tumekubaliana kwanza nijaribu kwenye kile kibano kingine kibovu alichonacho nyumbani, mbele yake. Kikivunjika, hatuchomi cha pili.

---

jk_likoni

Hapo umefanya uungwana. Swali dogo kabla hujaanza: kutoka kwenye mita ya umeme mpaka kwenye mashine, waya una urefu gani na unene gani?

---

chombo_cha_pwani

Ekstensheni ya mita 30, waya wa 1.5.

---

jk_likoni

Ndiyo niliyoiogopa. Mita 30 kwenda na 30 kurudi, kwa shaba ya 1.5 unapata karibu omu 0.7. Mashine ikivuta ampea 25 unapoteza volti 17 na zaidi njiani, na jioni watu wakiwasha majiko yao volti zenyewe tayari ziko chini. Mashine inajibana, ampea 190 unazoziona kwenye kioo huenda hazifiki, na waya unapata moto. Weka waya wa 6, upotevu unashuka kwenye volti 4 na kidogo. Na uchome asubuhi mapema.

---

chombo_cha_pwani

MREJESHO

Wakuu, imechukua siku 11 lakini naona niwaandikie kwa kirefu, kwa sababu mmenipa muda wenu.

Nimeazima waya wa 6, mita 12 tu, nimeisogeza kazi karibu na mita ya umeme. Kabla sijagusa kingine nimewasha mashine kwenye kipande cha kujaribia, na sauti ya moto imebadilika. Mwanzo ulikuwa unakoroma, sasa unavuma.

Kile kibano kibovu nimekiloweka, nikakifungua V kwa kichwa cha kabaidi, nikakipasha 120 kwa kufunika na karai. Jk, lile jasho la kahawia limetoka kweli, mpaka likatiririka kwenye wavu. Na hicho nilikuwa nimekisugua kwa sabuni mara mbili nikaamini ni kisafi! Nikafuta, nikapiga brashi mpya, nikarudisha jikoni mpaka penye masizi pakasoma 155.

Nimechoma kikiwa juu ya makaa. Kijana wangu akashika blanketi. Kidimbwi kimetokea kwenye sekunde 6 au 7, na kilikuwa kinang'aa kama zebaki, hakina ngozi. Waya unaingia wenyewe. Safu ya kwanza nimetumia ampea 180, ya pili nikajikuta nashusha mpaka 150 kwa sababu kilikuwa kinataka kukimbia. Yaani mashine ile ile iliyonishinda, sasa naipunguza. Kati ya safu na safu napiga brashi, napima penye masizi, kikizidi 180 nasubiri. Taa ya njano haikuwaka hata mara moja.

Kikapoa ndani ya jivu kavu usiku mzima. Asubuhi mzee akaja, tukakibana kwenye jiliwa, nikampa nyundo ya kilo 2 apige mwenyewe. Amepiga mpaka kimepinda, ndipo kikakatika, na kimekatika pembeni ya mshono, kama sentimita moja, si kwenye mshono. Hapo ndipo nimemwelewa binti: pale palipolainishwa na joto ndipo palipoachia. Ndani ya mshono kulikuwa na vishimo vitatu vidogo, karibu na mwanzo.

Basi cha pili nimekichoma vilevile, lakini nimeongeza nyama milimita 5 pande zote mbili, na nimeipeleka mbali ya ufa sentimita 3, nikaishusha taratibu isiwe na ngazi. Kipande cha kuanzia na cha kumalizia nimeviweka vyote viwili. Sehemu inayokaa kwenye ubao nimeisawazisha kwa jino la msumeno na msasa juu ya kioo, maana kilivutika karibu milimita moja.

Kuanzia juzi kiko baharini. Mzee amekubali mambo mawili: mnyororo kutoka kwenye mashine mpaka kwenye pete ya boti, na kila Ijumaa, siku asiyotoka, anakileta tunakipaka mafuta ya taa na chaki. Wiki hizi za mwanzo havuki miamba.

---

binti_karakana

Hongera, na nimefurahi kwa huo mnyororo kuliko mshono. Bolti za sikio hilo ni za chuma gani?

---

chombo_cha_pwani

Chuma cha pua, zilikuja na boti.

---

binti_karakana

Chuma cha pua na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Huenda ufa ulianzia hapo hapo kwenye tundu. Zifungue, weka bushi ya plastiki na washa ya plastiki, tia grisi ya baharini, kisha ufunge. Na rangi ipakwe mpaka ndani ya tundu.

---

chombo_cha_pwani

Nimeangalia kipande cha zamani nilichokikata. Ndani ya tundu kuna kutu nyeupe imekula karibu milimita 2, na ufa umeanzia humo. Ijumaa hii nazifungua zote nne.